Nimependa Mara Mbili

Mume wangu wa kwanza alikuwa mtu wa kelele. Alikuwa bwana mifugo wa kata ya Mugeta, na pikipiki yake ulikuwa unaisikia kabla hujaiona. Hata akishazima injini kelele haikuisha, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuongea kabla hajashuka. Aliongea na watu, na ng'ombe, na mbwa wa majirani, na redio. Redio ikisoma habari, yeye anaijibu.

Mimi nilikuwa mwalimu mgeni pale. Nilitoka upande wa ziwa, Majita, nikapangiwa shule ya msingi ambayo sikuwahi kuisikia, na usingizi ulikuwa haunijii vizuri kwa kukosa sauti ya maji. Siku moja akaja shuleni kuwaambia watoto wapeleke habari nyumbani kuhusu chanjo ya ng'ombe. Aliongea pale mstarini mpaka jua likawa kali na mwalimu mkuu akamshika mkono kumwondoa. Akiwa anaondolewa, akageuka akaniambia mbele ya shule nzima, "Ticha, wewe wa ziwani, utakula nyama lini?"

Watoto walicheka mpaka na mimi nikacheka. Posa yenyewe ilikuwa hiyo. Yaliyofuata, wazee kukaa na ng'ombe kutolewa, yalikuwa utaratibu tu.

Tulijenga Mugeta, kwenye eneo alilogawiwa na baba yake, nyumba ya tofali za kuchoma. Tukapata binti mmoja. Waliofuata hawakukaa. Kila niliporudi kutoka hospitali mikono mitupu, mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akanisimulia habari za ndama fulani aliyezaliwa huko Nyamuswa, jinsi alivyokataa kunyonya, jinsi mwenye ng'ombe alivyotaka kulia, mpaka najikuta namwuliza huyo ndama ni wa rangi gani. Sijui kama alikuwa anafanya makusudi au ndivyo alivyoumbwa. Nilikuwaga namwambia, "Baba, nyamaza kidogo." Ananyamaza. Halafu kimya chake kinanitisha, nasema, "Haya, endelea."

Alikufa kazini, kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, asubuhi ya jua. Alikuwa na presha, na hakuipa nafasi ya kumpunguzia mwendo. Mimi nilikuwa darasani naandika ubaoni, mwalimu mkuu akaja akasimama mlangoni akanitazama. Nikaweka chaki chini. Walimpakia kwenye pikapu ya mnunuzi wa pamba wampeleke hospitali Bunda, na Bunda hakufika.

Tulimzika pale nyumbani, upande wa jua linakochomoza. Saruji ilipokauka, shemeji yangu, mdogo wake, akanishika bega akanionyesha sehemu ya udongo mtupu kushoto kwa kaburi. "Hapa tumeacha, shemeji. Hapa ni pako."

Nilikuwa bado sina mvi hata moja. Mtu mwingine angeona ni ukatili kuonyeshwa kaburi lako ukiwa na umri ule, lakini mimi ilinituliza. Kila kitu kingine kilikuwa kimevurugika. Angalau nilijua nitalala wapi.

Baada ya matanga wazee wakakaa kuzungumza ni nani anichukue. Mama mkwe alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akasimama katikati ya wanaume, jambo ambalo wanawake wa pale hawalifanyi. "Huyu ni mwalimu," akasema. "Ana kazi yake na ana akili zake. Mwacheni." Akarudi jikoni. Wakaniacha.

Nikaomba uhamisho. Kwanza Bunda mjini, ili binti asome sekondari akiwa karibu nami, kisha Musoma, ambako nilijenga nyumba ndogo Kamunyonge. Binti alimaliza masomo, akapata kazi Dodoma, akaolewa huko. Nikabaki na nyumba.

Kukaa peke yako si jambo la siku moja ukalizoea ukamaliza. Linakuja na vitu vidogo. Ugali wa mtu mmoja hauivi sawasawa, unga unashika sufuria kabla haujashikana wenyewe. Ukipata habari ya kuchekesha sokoni unaibeba njia nzima, unafika nyumbani, unafungua mlango, na habari inakufia mdomoni. Nilikuwa nawasha redio tangu asubuhi kwa ajili ya sauti tu. Siku moja nikajikuta naijibu. Nikaizima, nikakaa kitandani muda mrefu.

Wanaume wawili watatu waliwahi kuja na maneno yao. Sikuwachukia. Niliwapa chai, nikawasikiliza, wakaondoka, na walipoondoka sikukosa kitu. Nikaamini kwamba upande huo wangu umefungwa, kama chumba ambacho mwenyewe amesafiri na ufunguo.

Nilipokaribia kustaafu macho yakaanza kuleta ukungu. Nikaenda hospitali pale mjini. Wakanitia matone ya kupanua mboni, wakaniambia nikae kwenye benchi nisubiri daktari. Dawa ile ikishaingia huoni kitu cha karibu, na mwanga unachoma. Nilikaa nimefumba macho. Kushoto kwangu alikuwepo mtu, nilisikia anavyopumua.

"Mama, samahani," akasema. "Wewe unaiona ile saa ukutani?"

"Baba, mimi hata ukuta siuoni."

Akajisogeza kwenye benchi. Kisha akasema polepole, "Basi tuko sawa."

Hakusema kingine kwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyeanza kuuliza: anatoka wapi, amekuja na nini, macho yamemsumbua tangu lini. Alijibu kila swali kwa maneno machache, kama mtu anayetoa sarafu mfukoni moja moja. Ametoka Butiama, kitongoji cha Mwitongo. Alikuwa karani wa mizani kwenye ginneri ya pamba Bunda mpaka alipostaafu, sasa analima na ana ng'ombe wachache. Mke wake ni marehemu. Nikamwambia na mimi mume wangu ni marehemu. Akasema, "Pole." Nikamwambia, "Na wewe pole." Tulikuwa tumegeukia mbele wote wawili, macho yamefumbwa.

Daktari alipotumaliza, nesi akatuzuia mlangoni. "Mama, umekuja na nani? Hamruhusiwi kutembea wenyewe na hiyo dawa."

"Nimekuja peke yangu."

"Na wewe mzee?"

"Peke yangu."

Nesi akashusha pumzi. Alikuwa na foleni ndefu nyuma yetu. "Basi shikaneni," akasema, akatufungulia mlango.

Tukashikana. Alinishika kiwiko kwa uangalifu, kama mtu anayebeba chombo cha mwenzake. Mimi nilijifunika khanga usoni, yeye alishusha kofia, na hivyo tukateremka ngazi, machozi yakitutoka wote kwa ukali wa jua, watu wakitupisha wakidhani tumefiwa. Tulikaa kwenye kivuli cha duka la dawa mpaka macho yakaanza kurudi. Kitu cha kwanza nilichokiona sawasawa ni viatu vyake: vimepigwa rangi vizuri, kimoja kina kamba ya kiatu, kingine kimefungwa kwa uzi wa katani. Kisha nikaona uso. Alikuwa mzee kuliko sauti yake. Nikafurahi, na sikujua nafurahia nini.

Akawa anakuja. Akija kliniki anapita kwangu, na baadaye akawa anapita hata ambapo hakuna kliniki. Alileta michembe ya viazi, alileta maziwa kwenye dumu, mara moja alileta kuku amemfunga miguu kwa uzi uleule wa katani. Anakaa sebuleni, anakunywa chai, anatazama mlango, na baada ya muda mrefu anasema, "Mwalimu, leo upepo ni mwingi." Basi. Hilo tu ndilo alilotoka nalo Butiama.

Mwanzoni kimya chake kilinichosha. Nilijaza maneno mimi, mpaka siku moja nikaacha. Tukakaa, dirisha limefunguliwa, wachuuzi wa dagaa wakipita chini wakinadi, na nikagundua kwamba redio sikuwa nimeiwasha tangu asubuhi na sikuikumbuka.

Akanialika Mwitongo nikaone kwake. Nilipanda gari mpaka Butiama, akanipokea kwa baiskeli ya kubebea mzigo wangu tu, tukatembea kwa miguu. Kaya za kule zimekaa kwa nafasi, kila moja na mawe yake, migomba yake na zizi lake. Akanionyesha ng'ombe, akanionyesha shamba la mtama, akanionyesha nyumba. Picha ya mkewe ilikuwa ukutani sebuleni, mwanamke mwenye shavu pana, amevaa kitambaa cha kichwani, hacheki. Kisha akanipeleka nje, upande wa kulia wa nyumba, kwenye kaburi lililowekwa vigae vyeupe. Palikuwa pamefagiwa. Alama za ufagio zilikuwa bado mbichi.

"Unafagia mwenyewe?" nikamwuliza.

"Kila asubuhi."

"Na unaongea naye?"

"Kidogo."

"Unamwambiaga nini?"

"Mambo ya nyumbani. Ng'ombe gani kazaa. Mvua." Akafikiri. "Na habari yako nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Yeye hata akiwa hai alikuwaga hajibu haraka."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Mwalimu, sitaki nikudanganye. Huyu nampenda. Sisemi nilimpenda. Kama unatafuta mtu aliyemaliza, mimi sijamaliza."

Nilisimama pale nikitazama vile vigae. Nilijitafuta ndani kama nimeumia, na kweli nilikuwa nimeumia kidogo, siwezi kusema sikuumia. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyetua mzigo. Kwa sababu miaka yote ile wanaume waliokuja walitaka niwe nimesahau.

"Na mimi wangu yuko Mugeta," nikamwambia. "Sijamaliza pia."

"Basi," akasema, akavaa kofia.

Nilimpigia binti Dodoma. Nilidhani atafurahi kwamba nimepata mtu wa kunifungulia mlango. 

"Mama," akasema, "kwa hiyo baba ulikuwa humpendi?"

"Nilimpenda. Nampenda."

"Sasa huyu?"

"Na huyu."

"Haiwezekani, mama. Mtu anapenda mara moja. Hizo nyingine ni kuogopa kukaa peke yako."

Tukaagana. Ni kweli nilikuwa naogopa kukaa peke yangu. Anayesema haogopi, mimi sijakutana naye. Lakini niliogopa hivyo hivyo wale wengine walipokuja wakanywa chai yangu, na sikumtaka hata mmoja. Nililiwaza jambo hilo siku nyingi, nikifua, nikisahihisha madaftari. Mwisho nikaamua niende Mugeta kwa mtu mwenye haki ya kunikataza.

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani anapepeta mtama. Macho yake yalikuwa yameshafifia, lakini mikono ilijua kazi. Nikapiga magoti nikamsalimia, nikakaa, nikamweleza yote bila kupamba. Ungo haukusimama.

"Mwanangu alikuwa na kelele," akasema.

"Sana, mama."

"Na huyu naye ana kelele?"

"Hapana. Huyu hasemi. Anaweza kukaa mpaka chai ikapoa hajasema."

Akapuliza makapi, akapepeta tena. "Basi hujamweka mahali pa mwanangu," akasema. "Umemweka pengine. Nenda. Ila usiache kuja."

Tulifunga ndoa misa ya asubuhi ya siku ya kazi. Walikuwepo masista wa parokia, majirani wachache wa jumuiya ya sala ya Kamunyonge, na wana wa kiume wa mzee kutoka Mwitongo. Binti hakuja. Alituma kitenge kizuri sana, na nilikivaa.

Tuliishi kwa kwenda na kurudi. Siku nyingine Kamunyonge, siku nyingine Mwitongo. Picha ya mkewe ilibaki ukutani, sikumwomba aitoe na yeye hakuuliza. Kwangu Musoma picha ya bwana mifugo ilibaki juu ya kabati, na asubuhi nyingine nilimkuta mume wangu amesimama mbele yake ameshika kikombe, anaitazama kama mtu anayemtazama jirani ng'ambo ya ua. "Huyu alikuwa mtu mzuri," akaniambia siku moja. Nikamwuliza amejuaje. "Anaonekana alikuwa anakaribia kusema kitu."

Jambo lililonisumbua mwanzoni lilikuwa la lugha. Mimi ni Mjita. Kiikizu cha Mugeta na Kizanaki cha Butiama kwangu ni kama mtoto na ndugu yake. Siku za mwanzo Mwitongo nilikuwa jikoni, yeye akaniita kutoka uani kwa lugha yake, nije nione kitu. Ni maneno yaleyale ambayo mume wangu wa kwanza alikuwa akiniitia. Sufuria ilinitoka mkononi. Nilisimama pale uji ukimwagika kwenye majivu, na kwa muda mfupi sikujua ni yupi aliye nje. Nilipotoka, alikuwa mzee wangu, ananionyesha upinde wa mvua upande wa ziwa. Sikumwambia. Nilisimama kando yake tukautazama ulipokuwa unafutika. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na kilio, na vyote viwili vilikuwa vya kweli, hakuna kilichokuwa kinamdanganya mwenzake.

Kuna kitu nilichokifahamu katika miaka ile. Wa kwanza alinifanya nisikike. Nilikuwa binti mkimya wa pwani ya ziwa, naye akanivuta kwa kelele zake mpaka nikawa mtu wa kucheka mbele za watu. Wa pili alinifanya nipumzike. Yule wa kwanza hangeweza kunipa kupumzika hata angejaribu, na huyu wa pili hangeweza kunichekesha mstarini. Watu husema mapenzi ya pili ni ya kuzibia pengo. Mimi pengo langu halikuzibwa. Lilibaki palepale, na pembeni yake kikaota kitu kingine kabisa.

Mama mkwe alifariki kabla ya mavuno. Tulikwenda Mugeta pamoja, mimi na mzee. Watu walikuwa wengi, nikapita nyuma ya nyumba kuweka mizigo, na hapo nikawaona vijana wanachimba. Walikuwa wanachimba kushoto kwa kaburi la mume wangu.

Shemeji akaniona nimesimama. Akaja, amevaa shati lililolowa jasho, akaniongoza pembeni. "Shemeji, mama ndiye alisema mwenyewe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Alisema wewe umeshapata pengine. Alisema anataka kulala karibu na mwanawe, nafasi isikae bure."

"Sawa, shemeji," nikasema. "Ni haki yake."

Na ilikuwa haki yake. Lakini nilitazama ule udongo mwekundu unavyotupwa nje kwa sepetu, na ilikuwa kama naangalia watu wanahamisha vitu vyangu kutoka kwenye nyumba niliyodhani bado ni yangu. Sikuweza kujua kama mama alifanya vile kwa upendo, kunifungua niende zangu, au kama ilikuwa njia yake ya kunijibu kwa kuolewa tena. Alikuwa amelala ndani kwenye jeneza, na hakuna wa kumwuliza.

Mzee alisimama nami wakati wote wa mazishi. Wakati wa kurudi, kwenye gari, hakusema lolote mpaka tukapita Nyamuswa. Kisha akachukua mkono wangu mbele ya abiria, jambo ambalo si la wazee wa huku. "Leo jua ni kali," akasema.

Ugonjwa wa mzee ulikuwa wa tezi dume. Tulikwenda Mwanza, tukarudi, tukaenda tena, na mwisho madaktari wakatuambia kwa upole tukakae nyumbani. Nilitaka tukae Musoma karibu na hospitali. Yeye akaomba Mwitongo. Nikajua kwa nini anaomba, nikamfungia mizigo.

Nilimuuguza kwenye chumba kile alichokuwa akilala na mkewe. Wanawe walikuwa wazuri kwangu. Wake zao walipika, walichota maji, waliniita mama mdogo kwa heshima. Kazi ya kumgeuza na kumwosha niliifanya mwenyewe. Homa ilipopanda alikuwa anaongea kuliko alivyowahi kuongea maishani: habari za mizani, za magunia, za lori lililokwama mtoni wakati wa masika. Siku moja mchana alifumbua macho, akanitazama moja kwa moja usoni, akaniita kwa jina la mke wake.

Mkamwana wake alikuwepo chumbani ameshika bakuli. Akainamisha kichwa kwa aibu.

Akaniita tena, jina lilelile, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya kijana.

"Abee," nikaitika.

"Umekuja?"

"Nimekuja."

Akatulia. Akalala. Nikampa mkamwana kitambaa, nikatoka nje nikaenda nyuma ya zizi, nikalia nimeshika mti wa ua. Nililia kwa ajili yangu, kwamba kwenye mlango ule wa kifo hakuniona. Na ukiniuliza kama ningerudia kuitika, ningerudia. Nilifikiri kama ni mimi niliyelala pale na homa imenichukua, nani ningemwita? Huenda ningemwita yule wa kelele za pikipiki, na ningependa aliyekaa kando yangu aitike.

Siku mbili tatu kabla hajafa alipata nafuu kidogo, akajua mimi ni nani. Alisema, "Mwalimu." Hilo tu. Nimelihifadhi.

Walimzika kando ya mkewe, chini ya vigae vya rangi ileile ambavyo alikuwa ameshavinunua zamani na kuviweka stoo. Upande wake wa pili kuna msingi wa nyumba, kwa hiyo kando yake hakukubaki kitu. Baada ya matanga mwanawe mkubwa akanijia na wadogo zake wamesimama nyuma yake.

"Mama mdogo," akasema, "sisi tumezungumza. Wewe ni mama yetu. Siku ile Mungu akipenda, hapa chini tunaweza kukuandalia." Alinionyesha sehemu iliyo chini ya miguu ya makaburi yale mawili, karibu na ua wa minyaa. Alisema kwa upendo, macho yamemjaa machozi, na nilimshika mikono nikamshukuru.

"Nitawaambia, wanangu," nikasema. Sijawaambia mpaka leo.

Safari hii binti alikuja. Alikaa nami Kamunyonge mpaka likizo yake ikaisha. Asubuhi moja tulikuwa tunachambua mchicha uani, akasema bila kunitazama, "Baba yuko na bibi. Mzee yuko na mkewe. Wewe je, mama? Utalala peke yako?"

"Mbona hata sasa niko peke yangu," nikamwambia, "na sijafa."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Akaweka chini fungu la mchicha. "Mimi bado sielewi," akasema. "Nimejaribu. Nikifikiria mume wangu, siwezi kuona mwingine pale."

"Pale hutamwona. Mimi pia pale sikumwona mtu."

Aliondoka na gari la asubuhi. Nilimsindikiza stendi, gari likapinda, nikarudi kwa miguu ingawa ni mbali.

Siku hizi nikiulizwa kama mtu anaweza kupenda kweli zaidi ya mara moja, nasema anaweza. Nasema bila wasiwasi. Kitu ambacho sikuambiwa na mtu, na sijui kama ningesikia hata ningeambiwa, ni kwamba kila unayempenda anakuachia upweke wake. Nilidhani nikipata wa pili, upweke wa kwanza utaisha. Na alipoondoka wa pili, nilidhani nitarudi kwenye upweke uleule niliouzoea, ambao njia zake nazijua. Sivyo. Kuna asubuhi naamka nimekosa kelele, na kuna asubuhi naamka nimekosa kimya. Kimya cha mtu aliyepo na kimya cha nyumba tupu si kitu kimoja. Nikisikia pikipiki inapanda mlima moyo unaruka, na pikipiki ikizimwa nyumba ya jirani, moyo unakaa chini. Upepo wa ziwa ukiwa mwingi najikuta nataka kumwambia mtu kwamba upepo ni mwingi.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya ya sala nyumbani. Majirani walikuja mapema na viti vyao vya plastiki, tukasali, tukaimba, mwenyekiti akasoma matangazo. Niliwapikia chai ya maziwa na maandazi. Mama mmoja, ambaye amefiwa na mumewe mwaka huu, alibaki nyuma kidogo akinisaidia vikombe. Aliosha kila kimoja taratibu sana, kama mtu asiyetaka kazi iishe. Niliijua hali hiyo. Nikamwambia akae, nikamwongezea chai, tukaongea habari za bei ya sato na za mjukuu wake wa Mwanza anayeanza chekechea, mpaka akasema, "Acha niende, mama, watanitafuta." Tulijua wote wawili kwamba hakuna wa kumtafuta. Nikamsindikiza mpaka kwenye mawe pale njia inapogawanyika.

Niliporudi sebuleni viti vilikuwa bado vimekaa duara, vimeelekeana, kimoja kina leso ya mtu. Ningevipanga, ni kazi ya dakika. Nikavua viatu, nikakaa kwenye kimojawapo, na viti nikaviacha vilivyo mpaka wenyewe walipokuja kuvichukua.